Kutamani modeli ya kichwa cha dizeli ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza: mwongozo kwa tulio Mtwara na Lindi

Ukisema Mtwara kwamba unapenda treni, utaulizwa umeiona wapi. Reli tuliwahi kuwa nayo. Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Ilianzia Mkwaya karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, kisha ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Karanga hazikustawi, mradi ukafa, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Mpango wa reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay unazungumzwa kila mwaka, lakini kwa sasa mtu wa Masasi au Kilwa akitaka kusikia honi ya kichwa cha dizeli anapanda basi, anavuka Daraja la Mkapa, anakwenda Dar es Salaam.

Ndiyo maana modeli ina thamani kubwa kwetu. Kichwa kidogo juu ya meza ndiyo treni pekee tunayoweza kuwa nayo nyumbani. Tatizo ni kwamba modeli nyingi zinazouzwa duniani ni za Ujerumani, Marekani, Uingereza, Japani na Uswisi. Ukitafuta kichwa cha TRC, shirika la reli la Tanzania, au cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hukipati.

Sababu yake si dharau. Modeli ya plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma, na kalibu hiyo ni ghali mno. Kiwanda hakiichongi mpaka kiwe na uhakika wa wanunuzi wengi. Kwa hiyo anayetamani kichwa adimu ana kazi mbili: kumrahisishia mtengenezaji, na kujiandaa kukipata kwa njia nyingine endapo kiwanda hakitaitika. Mwongozo huu unahusu zote mbili.

Hatua ya kwanza: taja kichwa kimoja

Usiseme unatamani "treni ya Tanzania". Hakuna mtu anayeweza kuitengeneza hiyo. Sema daraja (yaani aina ya kichwa), miaka na rangi. Hawa ni wanne ambao mimi ningewaweka mezani.

Wa kwanza ni MX620 ya Montreal Locomotive Works ya Kanada. Mashine hizi ziliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki (EAR), na baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977 TRC ikaendelea na za kwake kama daraja la 88. Wa pili ni daraja la 73, lililotoka kiwanda cha Varanasi, India. Kichwa cha kwanza ambacho kiwanda hicho kiliuza nje ya nchi kilikuja Tanzania, mwaka 1976, na hilo peke yake linatosha kumpa heshima ya kutengenezewa modeli. Wa tatu ni U30C ya TAZARA, muundo wa General Electric uliojengwa na Krupp wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wa nne ni vichwa vya Kichina vya haidroliki vilivyokuja TAZARA ilipojengwa, vya familia ya Dongfanghong. Hivyo ndivyo vilivyoanza kazi kwenye kilomita 1,860 za kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi.

Mapenzi yangu yapo kwa MX620. Lakini ukiniuliza uanze na kipi, nitakwambia daraja la 73, kwa sababu lina ndugu wengi. Muundo wake Wahindi wanauita YDM-4, na asili yake ni ALCO wa Marekani, aina ya DL535. India ilikuwa nayo kwa mamia, Vietnam ikapata za kwake, na reli ya White Pass inayopanda kutoka Alaska kwenda Yukon ina DL535E ambazo LGB wa Ujerumani wamewahi kuzitengenezea modeli kubwa. Kichwa chenye ndugu katika nchi nne kina wanunuzi katika nchi nne. Boneti ni lilelile au karibu nalo, kinachobadilika ni rangi, namba na vitu vidogovidogo vya mbele. Lugha hiyo mtengenezaji anaielewa. MX620 nayo ina ndugu Ureno, kwenye mfululizo wa 1550, ila ule unatembea kwenye reli pana kuliko yetu.

Hatua ya pili: skeli na upana wa reli

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Skeli ni mara ngapi kitu kimepunguzwa. Geji ni umbali kati ya chuma na chuma cha reli. Skeli maarufu kuliko zote ni H0, yaani 1:87, na reli yake ya kawaida ina upana wa mm 16.5. Upana huo unawakilisha reli ya kimataifa ya mm 1,435, na si reli zetu za zamani.

Reli ya kati ya zamani ina mm 1,000. Gawa kwa 87, unapata mm 11.5. TAZARA ina mm 1,067. Gawa kwa 87, unapata mm 12.3. Zote mbili zinaangukia kwenye reli ya mm 12, ambayo inauzwa tayari: Peco wa Uingereza na Tillig wa Ujerumani wanayo, na Bemo, pia wa Ujerumani, anatengeneza treni za milima ya Uswisi kwa upana huohuo. Kwenye dunia halisi kichwa cha TRC hakiwezi kuingia njia ya TAZARA, na mizigo hushushwa na kupakiwa upya pale Kidatu. Mezani kwako vinapita njia moja. Hesabu hii hunifurahisha kila ninapoirudia.

Ukitaka kikubwa cha kuweka sebuleni, skeli ya 1:22.5 inatembea kwenye reli ya mm 45, na hiyo inalingana na reli ya mita karibu kabisa. Kichwa chenye urefu wa mita 15 kinakuwa hivi: mm 172 kwa 1:87, mm 125 kwa 1:120, mm 333 kwa 1:45, na karibu mm 667 kwa 1:22.5. Pima meza yako kabla ya kuamua.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni 1:87 kwenye reli ya mm 12. Usikubali kuuziwa kichwa cha reli ya mita kilichowekwa juu ya mm 16.5 kwa sababu "ndizo reli zinazopatikana". Kitakaa kama kimetanua miguu, na jicho litalalamika kila ukikiangalia.

Hatua ya tatu: kusanya vipimo, na usichelewe

Hii ndiyo kazi yenyewe. Vichwa hivi vinazeeka. Kilichoegeshwa kwenye nyasi nyuma ya karakana leo kinaweza kukatwa kesho kikauzwa chuma chakavu, na picha ya mtandaoni iliyopigwa kwa pembeni haitakusaidia kujua urefu wa mlango.

Ukienda Dar es Salaam kwa shughuli zako, tenga nusu siku. TAZARA ina stesheni yake Barabara ya Nyerere, na karakana kubwa ya vichwa vya dizeli vya reli ya mita iko Morogoro. Usianze kwa kutoa simu na kupiga picha. Reli ni miundombinu ya taifa na walinzi wana haki ya kukuzuia. Nenda kwa mkuu wa stesheni, msalimie, mweleze unatoka Mtwara na unataka kutengeneza modeli, muombe ruhusa, na kwa karakana peleka barua mapema. Watu wa reli wanaipenda kazi yao. Akiona una karatasi ya vipimo mkononi, mara nyingi fundi mwenyewe ndiye atakayekuonyesha tundu la mchanga liko wapi.

Beba fimbo ya mita moja. Ipake nyeupe na nyeusi kwa zamu, kila sentimita 10 rangi moja. Isimamishe imegusa ubavu wa kichwa, kisha rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, simama katikati ya urefu wake, na upige picha ukiwa umeinyoosha simu. Zoom kidogo ni bora kuliko kusogea karibu, kwa sababu ukiwa karibu ncha zote mbili zinapinda. Fimbo ikisimama kwenye jukwaa mbele ya kichwa badala ya kukigusa, itaonekana kubwa kuliko ilivyo na vipimo vyote vitatoka vidogo.

Nyumbani, chapisha picha hiyo kwenye karatasi ya A4 na uchukue vernia. Tuseme fimbo ya mita moja ina mm 42 kwenye karatasi, na mlango wa kibanda cha dereva una mm 71. Mlango halisi ni 71 kugawa kwa 42, yaani mita 1.69. Gawa tena kwa 87, unapata mm 19.4. Hicho ndicho kimo cha mlango wa modeli yako. Endelea hivyo kwa kila kitu: dirisha, rejeta, tangi la mafuta, nafasi kati ya ekseli na ekseli. Andika kwenye jedwali, na pembeni ya kila kipimo uandike kama umekipima kwa mkono au umekipata kwenye picha. Vya mkono vinaaminika zaidi, na atakayetumia jedwali lako anapaswa kujua tofauti.

Picha zinazosahaulika ni tatu: paa, sehemu ya chini kati ya magurudumu, na ubavu wa pili. Ubavu wa kulia wa kichwa cha dizeli haufanani na wa kushoto. Milango ya boneti, mabomba na matundu ya hewa hupishana. Kwa paa, omba kupanda daraja la waenda kwa miguu kama lipo. Pale juu utaona feni, ekzosi na honi kwa mara moja.

Rangi ni somo la wazee. Kwa vichwa vya enzi za EAR tunazungumzia damu ya mzee, lakini damu ya mzee ipi? Picha za zamani zimepauka. Nachingwea, Lindi na Mtwara kuna familia zenye babu aliyefanya kazi reli, na wengine walihamishiwa Tabora au Dar es Salaam baada ya njia ya kusini kufungwa. Ukimpata, mwamkie shikamoo, kaa chini, na usimwulize "daraja la ngapi". Mpelekee vipande vya rangi ulivyopaka kwenye manila, vya wekundu tofauti, umwombe achague. Atavigeuzageuza kwenye mwanga, atatupa viwili, atabaki na kimoja, na hapohapo ataanza kukwambia nani alikuwa dereva. Andika yote. Majina ya watu usiyasambaze bila idhini yao.

Hatua ya nne: liandike ombi

Ukurasa mmoja unatosha. Wekeza nguvu kwenye mistari ya mwanzo, kwa sababu watengenezaji hupokea maombi mengi yenye hamu tupu. Mfano:

"Ninaomba modeli ya kichwa cha dizeli cha daraja la 73 cha reli ya Tanzania, kilichojengwa Varanasi, India. Skeli 1:87, reli ya mm 12. Nimeambatanisha vipimo, picha za pande zote mbili, paa na mbele. Muundo huu, YDM-4, ulitumika pia India na Vietnam, kwa hiyo bodi moja inaweza kuuzwa kwa rangi za reli kadhaa. Tupo wanunuzi tulio tayari kulipa malipo ya awali baada ya kuona sampuli."

Sentensi ya mwisho iandikwe tu kama ni kweli. Tafuta wenzako kwanza, hata kama wako Mwanza, Nairobi, Lusaka au Chennai. Litafsiri ombi kwa Kiingereza, na kama unalipeleka Ujerumani, kwa Kijerumani pia. Usilipeleke kwa kampuni kubwa peke yake. Wapo mafundi wadogo wanaotengeneza kwa shaba ya njano au kwa rezini, vipande vichache kwa wakati mmoja, na hao ndio wanaothubutu vichwa adimu.

Malipo ya awali yasitangulie sampuli. Ona kwanza picha ya bodi iliyochapishwa, linganisha na jedwali lako, kisha ndiyo utume pesa.

Hatua ya tano: ukichoka kusubiri, kitengeneze

Njia ya kwanza ni printa ya 3D. Kichwa huchorwa kwenye kompyuta kwa programu za bure kama FreeCAD au Blender, kisha faili hutumwa kwa mwenye printa. Kwa 1:87 sisitiza printa ya rezini. Ile ya uzi wa plastiki huacha mistari ambayo haifichiki kwenye boneti refu, na plastiki yake ya PLA huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60. Ukiacha kichwa ndani ya gari lililofungwa madirisha mchana wa Mtwara, utakikuta kimepinda. Chini ya bodi funga mtambo wa reli ya mm 12 ulionunuliwa tayari. Nafasi kati ya ekseli na ekseli ndiyo inayoamua mtambo upi unafaa, kwa hiyo kipimo hicho usikikisie.

Njia ya pili ni mikono. Bodi ya plastiki nyembamba au manila iliyogandishwa tabaka mbili kwa supagluu inatosha kwa kuta. Wavu wa mbu wa dirishani usiutumie kwa matundu ya rejeta, matundu yake ni makubwa mno kwa skeli hii. Nunua kichujio cha chai cha chuma, kata kipande kwa mkasi wa kucha, kigandishe kwa ndani. Vishikio vya ngazi kwenye kichwa halisi huwa ni bomba jembamba: tuseme mm 32. Kwa 1:87 hiyo ni mm 0.37. Menya waya laini wa umeme, chomoa nyuzi za shaba zilizomo na uzipime kwa vernia hadi upate unaokaribia. Unyooshe kwa kuuvuta kati ya koleo mbili mpaka uusikie unakaza, ndipo uukate. Uzi ulionyooshwa hivyo haurudi kujikunja.

Njia ya tatu ipo kwetu kuliko mahali pengine popote. Wachongaji wa Kimakonde wanaweza kuchonga kichwa cha kuonyesha, kisichotembea. Chagua 1:45 au kubwa zaidi, kwa sababu mti hauvumilii kuta za milimita moja. Usimpe mchongaji vipimo vya kichwa halisi pamoja na skeli. Mpe mchoro wa ukubwa uleule wa modeli, pande nne na juu, kwenye karatasi ya grafu, ili aweke kipande chake juu yake na kulinganisha. Mpingo unashika kona kali na ribiti ndogo vizuri sana. Mwombe aache ukanda mwembamba wa mti mweupe wa nje ubavuni ukae mahali pa mstari wa rangi wa kichwa. Weusi wa moyo wa mpingo na mstari ule mweupe hauhitaji rangi yoyote. Mti mweupe hupendwa na wadudu, kwa hiyo upakwe dawa kabla ya nta. Nunua mpingo wenye karatasi za kibali. Wilayani Kilwa kuna misitu ya vijiji inayovunwa kwa utaratibu. Gogo likaukie kivulini taratibu, maana likikimbizwa juani linapasuka.

Hatua ya sita: kuupokea mzigo na kuutunza

Modeli za skeli huingia kwenye kifungu cha forodha 9503, pamoja na vitu vya kuchezea. Tarajia ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 juu yake, na uingize gharama hizo kwenye bajeti kabla ya kuagiza. Mwambie muuzaji aandike thamani ya kweli na aweke ankara ndani na nje ya boksi. Wengi huku hupanga oda baada ya minada ya korosho kuanza, Oktoba na kuendelea, na ni mpango mzuri: mzigo ukifika Posta, pesa ya kuutoa ipo.

Hewa ya bahari hula chuma. Nunua reli za aloi ya nikeli, achana na za shaba ya njano ambazo hupata kutu na kukata umeme kwenye magurudumu. Kichwa kisichotumika kifunge kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mfumo wa kawaida hutumia volti 12 za DC, kwa hiyo betri ya sola inaweza kuendesha treni hata umeme ukikatika, ila weka kidhibiti na fyuzi kati yake na reli. Betri ikiachwa bila fyuzi na magurudumu yakagusanisha nguzo mbili, waya zitaungua.

Jedwali la vipimo, picha na mchoro weka nakala sehemu tatu: kwenye simu, kwenye flashi, na kwenye karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Nakala nyingine mpe mtu wa mkoa mwingine anayependa vichwa hivihivi. Kila unapopata kipimo kipya ulichokichukua kwa mkono, futa kile cha kukisia, andika tarehe, na uwatumie wote walio na nakala.